Stata ya Mashua Katika Nchi ya Chai

Si jambo la kila siku kwa wanawake wanne wa Wasini kutia stata ya injini ndani ya kikapu cha ukili, wakapanda nayo treni pale Miritini, kisha matatu, mpaka milima ya chai. Abiria wenzetu walidhani tunapeleka zawadi harusini, nasi hatukuona haja ya kuwakanusha.

Wasomaji wanaokijua kisiwa chetu wanafahamu kwamba hakina gari wala mto. Tunachokinywa ni maji ya mvua yaliyohifadhiwa, au yale yanayovushwa kutoka Shimoni, na mgonjwa hana njia nyingine ila mkondo ule ulio baina yetu na bara. Mashua ya kikundi chetu ina injini ya dizeli, Perkins 4.236, ya muundo ulioanza kutengenezwa mjini Peterborough, Uingereza, katika miaka ya 1960. Ile nne ni idadi ya silinda, na 236 ni inchi za ujazo wake, yaani karibu lita 3.9. Ni injini mvumilivu, na ukweli usemwe, sisi ndio tuliokuwa tukiipuuza.

Usiku mmoja wa kusi ilikuwa imerudi kutoka Shimoni na maji, imepata moto kupita kiasi, ikazimwa. Haikupita nusu saa tukaitwa: mwenzetu ameshikwa na uchungu wa kuzaa, mimba ya kwanza, na mambo hayaendi. Nahodha akabonyeza kitufe, ikalia "tak!" mara moja, kisha kimya. Akabonyeza tena, "tak!" ile ile. Tulimvusha kwa mtumbwi, vijana wawili wakipiga kafi na mikondo ikituvuta upande, huku tukimshika mikono na kumsomea. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwamo mtumbwini anayependa kusimuliwa habari za usiku ule. Asubuhi injini iliwaka kana kwamba haikutenda lolote.

Mafundi wakatoa hukumu mbalimbali. Wa kwanza alitaka tununue stata mpya, tena upesi. Wa pili alishauri tuing'oe themostati na kuitupa baharini, kwa kuwa ndiyo, kwa maneno yake, inayozuia maji. Ndipo mkwe wa mmoja wetu, ambaye ni mwalimu huko Litein, akatuletea habari kwamba injini za jamii hiyo zimo pia ndani ya matrekta ya Massey Ferguson yanayovuta majani ya chai, na kwamba yupo mzee ambaye maisha yake yote yamepita chini ya matrekta hayo. Tukafungua stata, themostati na ule mpira wenye mabawa unaosukuma maji ya bahari ndani ya pampu, tukafunga safari.

Kutoka Nairobi tulishuka bonde la Mai Mahiu, tukasali Narok, tukafika Bomet alasiri. Hapo ndipo nchi inapobadilika. Baada ya nyanda kavu za Wamasai, ghafla macho yanakutana na kijani kimoja kisichokatika, kimepandwa juu ya vilima kama zulia lililotandikwa na mtu mwenye haraka, likabaki na mikunjo. Tulipita Kaplong, Kapkatet, Litein. Wachumaji walikuwa ndani ya chai mpaka viunoni, vikapu mgongoni, wakikata majani mawili na chipukizi lake kwa vidole vinavyokwenda bila kutazamwa. Sehemu nyingine mashine ndizo zinazokata, na mama mmoja aliyeketi karibu nasi alituonyesha kwa kidole pasipo kusema neno. Saa tisa mvua ikaja, na ndani yake mawe ya barafu. Tuliyaokota na kuyashika kama watoto.

Sisi watu wa pwani tunaijua chai hii kwa upande wake wa pili. Mnada wake ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na tangu hapo magunia yanateremka kwetu kabla ya kupakiwa melini. Tumekunywa turungi maisha yetu yote tusijue kuwa mti wenyewe, ukiachwa bila kupogolewa, huwa mrefu kuliko nyumba.

Fundi yule, Mkipsigis mwenye mvi na koti la mvua, alitupokea kwa "Chamgei", akatuita mama zake ingawa ni mkubwa kuliko sisi sote. Bahari hajapata kuiona. Tulipomwambia tumekuja kununua stata ya trekta, alikataa kutuuzia. Alisema kwanza meno ya stata ya trekta huenda yasilingane na ya gurudumu la injini yetu, na pili, hajui bado kama yetu imekufa. Akaiweka chini, akaikanyaga kwa buti, akaiunganisha na betri kwa nyaya nene. Iliruka kama mbuzi aliyefungwa, ikazunguka kwa mlio mwembamba safi.

"Hii haina ugonjwa," akasema. "Kebo zenu ziko wapi?"

Tulikuwa tumeziacha nyumbani. Basi akatupeleka kwenye trekta moja akatufundisha, na hili tunaliandika kwa urefu kwa sababu lingeweza kutuepusha na usiku ule. Alichukua mita ya umeme, ncha moja akaigusisha kwenye nguzo hasi ya betri, nguzo yenyewe si kishikizo chake, na ncha ya pili kwenye mwili wa injini. Akamwamuru kijana awashe. Mita ikionyesha chini ya nusu volti, njia ya umeme ni nzima. Ikionyesha volti moja au mbili, umeme unapotea njiani, kwenye kebo au kwenye maungio yaliyoota kutu. Betri yenyewe ikiwa imepumzika iwe na volti 12.6 hivi, ikianguka chini ya volti 10 wakati wa kuwasha, ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza. Ile "tak!" ina maana kwamba umeme unaofika unatosha kuvuta kile kipande kinachosukuma meno, lakini hautoshi kuizungusha stata. Na joto huzidisha ubaya: shaba ikipata moto hupitisha umeme kwa shida zaidi, na ungio bovu hulegea. Ikipoa, hupona. Tulitazamana, tukikumbuka asubuhi ile.

Kuhusu joto, alituuliza maji ya bahari yanaingia wapi na yanatokea wapi. Trekta hupozwa na rejeta na upepo, akasema, na upepo wenu nyinyi ni bahari. Kisha akaomba sufuria. Mkewe akatoa kuukuu, ya maji ya kufulia, si ya chakula. Themostati ikatiwa humo juu ya jiko, kipimajoto pembeni. Imechapwa nambari 82, maana yake kwenye nyuzi hizo ianze kufunguka. Kule juu, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo ilitakiwa kufunguka kabla ya mapovu makubwa. Ikafunguka kwa wakati wake, taratibu, kama ua. Tungeitupa baharini bure, na injini ingefanya kazi ikiwa baridi kupita kiasi na kulika upesi.

Mwisho akaushika ule mpira, akahesabu mabawa yake kwa kidole gumba. Mawili hayakuwapo.

"Mama zangu, haya yamekwenda wapi?"

Hatukuwa na jibu. Alitutuma tukayatafute kule maji yanakopita. Hakutaka malipo, tulimwachia mkewe kanga na halua. Akatuonya tu tusifungue kifuniko cha maji injini ikiwa moto, akatuonyesha mkono wake wenye kovu.

Tuliporudi Wasini tulianza na kebo ya hasi. Chini ya kichwa chake kulikuwa na kutu ya kijani, na tulipochana ganda, shaba ilikuwa imegeuka unga mweusi. Tumeweka mpya, ya shaba iliyopakwa bati, ambayo huvumilia chumvi. Kisha fundi wetu akafungua mfuniko wa kipozaji, na yale mabawa mawili ya mpira yalikuwa yamelala mdomoni mwa vijibomba, yameziba zaidi ya nusu yake, na chumvi imejaza sehemu iliyosalia. Sasa mpira hubadilishwa kila mwaka, na kila Alhamisi wawili wetu husafisha chujio na kuangalia kama maji yanatoka nyuma kwa nguvu.

Mzee yule aliomba kitu kimoja: chupa ya maji ya bahari, apate kuyaonja. Tumekwisha kuyateka. Chupa ipo dirishani, inamngoja mwalimu aje likizo.