Alichanjwa, Akatoka Malengelenge

Sentensi hiyo fupi imezunguka katika ukoo wetu muda mrefu sasa. Anayesemwa ni mama mkubwa, aliyekuwa na umri wa miaka 78 alipopata chanjo ya UVIKO-19. Majuma matatu baadaye mapaja na tumbo vilianza kumwasha, kisha yakajitokeza malengelenge makubwa yaliyojaa maji. Kipande cha ngozi kilipopimwa, daktari aliutaja ugonjwa: pemfigoidi, jina lenye asili ya neno la Kigiriki la lengelenge.

Katika ugonjwa huu kingamwili, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hushambulia protini zinazoishikiza ngozi ya juu kwenye ngozi ya ndani. Tabaka hizo zikiachana, maji hujaa katikati. Kiswahili kina neno linaloyabeba yote mawili: kinga ni kizuizi cha madhara, na kinga cha moto ni ukuni unaowaka. Wahenga walisema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Linalonishughulisha zaidi, hata hivyo, ni silabi moja: -ka-. Kazi yake ni kusimulia tendo lililofuata tendo. «Alisali, akalala»: sala haikumlaza. «Alianguka, akavunjika mguu»: hapo kuanguka ndiko kulikomvunja. Sarufi ni ile ile. Sababu huongezwa na msikilizaji.

Madaktari wameandika habari za wagonjwa walioanza kuugua baada ya chanjo za mafua, za pepopunda na za UVIKO-19. Habari hizo zastahili kusikilizwa, kwani huenda chanjo, kwa nadra, ikauamsha ugonjwa kwa mtu aliyekuwa tayari na mwelekeo nao. Lakini pemfigoidi huwapata hasa wazee, na wazee ndio waliotangulizwa kuchanjwa. Miongoni mwa mamilioni ya wazee, wapo ambao wangeugua majuma yale yale hata bila sindano. Ushahidi ni mzito zaidi dhidi ya baadhi ya dawa za kisukari, zile za kundi la gliptini.

Mama mkubwa ametulia kwa dawa za steroidi. Sentensi yake haijatulia. Binti yake, ambaye kwangu ni dada, hataki mwanawe apewe chanjo ya surua. Sikumwambia kwamba aliyoyaona hayakutokea, yalitokea. Nilimwomba tu aiseme habari ile bila -ka-: «Mama alichanjwa. Majuma matatu baadaye alitoka malengelenge.» Baina ya sentensi hizo mbili pana nafasi, na katika nafasi hiyo ndimo swali huulizwa na daktari hujibu.

Dada aliirudia polepole, akanyamaza. Mwanawe atatimiza miezi 9, umri wa chanjo ya kwanza ya surua, mwezi ujao.