Programu huria: mfumo gani wa kutunza mabadiliko unafaa milimani?

Vijana wanaotengeneza programu huria ya ushauri kwa wakulima wa tangawizi wameniuliza: watumie Subversion au Git? Mimi ni bwana shamba, lakini jambo hili linanihusu. Kipimo cha dawa kikibadilishwa kimakosa, mkulima ndiye atakayeunguza shamba. Lazima ijulikane nani alibadilisha, lini, na kipimo cha awali kirudishwe.

Mifumo yote miwili hutunza kumbukumbu hiyo. Tofauti ni mahali inapokaa. Subversion huiweka kwenye seva moja. Usipoifikia, huwezi kuingiza badiliko. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, humpa kila mmoja nakala yenye historia yote. Mtandao ukikatika Mamba Miamba, kijana anaendelea kuhifadhi kazi. Akishuka Same mjini, anaituma kwa wenzake. Seva ikiharibika, nakala zipo. Hata mbegu hatuziweki zote ghala moja.

Nimewashauri Git. Kujifunza kunachukua muda, basi anzeni na amri chache. Tumeni kazi kila mnapopata mtandao, andikeni sababu ya kila badiliko, na kipimo kisiingie kabla mtu wa pili hajakikagua.