Gari la Msikiti na Mkanda Usiodumu

Misikiti mingi ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Chamazi upande wa Temeke hadi Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni, ina mali tatu ambazo kamati moja huirithisha nyingine: jengo, kisima na gari. Jengo likishasimama hudai kidogo. Kisima kikichimbwa vizuri hudumu. Gari ndilo lenye kudai kila mwezi, na aghalabu huwa ni gari kuukuu, lililotolewa wakfu na muumini mwenye uwezo baada ya yeye mwenyewe kulitumia kwa miaka. Hilo ndilo hubeba jeneza, hupeleka watoto wa madrasa kwenye mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, huwakimbiza wagonjwa usiku, na katika mwezi wa Ramadhani hupakia masufuria ya futari kutoka nyumba hadi nyumba.

La kwetu Mbagala ni Toyota HiAce ya injini ya dizeli, ya namna ile ambayo wakazi wa jiji waliipa jina la kipanya zama ilipokuwa mfalme wa daladala. Vipanya viliondolewa katika njia za katikati ya jiji ili kuyapisha mabasi makubwa, lakini huku pembezoni vingali vinafanya kazi, na kwa sababu hiyo mafundi wanaovifahamu ni wengi na spea zake hazijapotea. Jambo hilo ni neema. Hata hivyo, wingi wa mafundi si wingi wa utambuzi, na safari tunayoisimulia hapa ilitufunza tofauti ya mambo hayo mawili.

Katika muda usiotimia miezi minne, mkanda unaozungusha pampu ya usukani wa gari hilo ulibadilishwa mara tatu. Wa kwanza ulikatika. Wa pili ulianza kulia kila gari lilipowashwa asubuhi, kisha ukachomoka kwenye puli. Wa tatu haukumaliza hata mwezi. Kila mara gereji iliyo jirani nasi ilifunga mkanda mpya, ikapokea fedha, na gari likarudi barazani mwa msikiti likiwa kimya kwa siku chache.

Kisha ikaja siku ya maziko. Tulikuwa tumembeba marehemu kutoka Mbagala kwenda makaburi ya Kinondoni. Tulipokata kona kutoka Barabara ya Kawawa, usukani ukawa mzito ghafla kama uliofungwa kamba. Dereva wetu ni mzee wa makamo, mwenye subira na uzoefu. Aliuvuta kwa mikono yote miwili, akapunguza mwendo, akalifikisha jeneza salama. Waombolezaji waliokaa nyuma wakisoma dua hawakujua kilichotokea. Yeye alijua. Baada ya maziko aliweka funguo mezani mbele ya kamati, akasema kwamba hatalitoa gari lile tena mpaka ijulikane kinachoua mikanda.

Usiku ule, baada ya Swala ya Isha, shauri lilikuwa refu. Wapo walioona tununue mkanda wa nne, ulio ghali zaidi. Wapo walioona gari liuzwe. Mwisho tuliafikiana kwamba watu watatu, yaani dereva, mweka hazina na katibu, watoke kuitafuta sababu kwanza, na ndipo fedha za waumini ziguswe.

Tuliondoka asubuhi, baada ya jua kuchomoza, kwa mwendo wa taratibu katika Barabara ya Kilwa. Anayeijua barabara hii tangu zamani anaona ilivyobadilika. Katikati zimepita njia za mabasi yaendayo haraka, na pembeni magari madogo, bodaboda na mikokoteni hugombea nafasi iliyobaki. Tuliacha Rangi Tatu, tukapita Zakhem na Mtongani, tukafika Mtoni kwa Aziz Ali. Kituo hiki kina historia inayohusu magari. Mwana wa Mzee Aziz Ali, Dossa Aziz, alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU, naye anakumbukwa kwa kutoa gari lake, Land Rover, litumike katika kazi za chama siku za kupigania uhuru. Wazee wetu walijua tangu zamani kwamba mtu mmoja akitoa gari, umma wote husafiri. Mafundi walioliweka barabarani hawatajwi sana, lakini bila shaka walikuwapo.

Hapo kwa Aziz Ali tulikata kushoto kuelekea Tandika. Mitaa ya Tandika huamka mapema: wauza nguo hutandika mitumba yao, mama lishe hukoleza mkaa, na kwenye viwanja vya pembeni, chini ya miti, gereji hufunguliwa bila mlango wala kufuli. Tulielekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye watu wa daladala humwendea kwa mambo ya usukani. Tulimkuta akinywa chai ya rangi. Alipokwisha kuitikia salamu zetu na kusikia habari, hakugusa spana. Aliuliza swali moja tu:

"Mkanda wa zamani mnao?"

Kwa bahati njema dereva alikuwa amehifadhi mmoja chini ya kiti. Fundi aliupokea, akaukunja, akaupitisha kati ya vidole, akaunusa.

"Ustadhi," alimwambia katibu, "mkanda hufa vifo vitatu. Ukifa kwa uzee, huwa mkavu, una nyufa kama mguu wa mkulima. Ukifa kwa sababu puli zimepishana, huliwa upande mmoja. Huu umevimba, ni laini, na unanuka. Huu umelishwa oili."

Maneno hayo machache yalikuwa na thamani kuliko mikanda yote mitatu tuliyonunuliwa. Naye alitueleza zaidi, na tunayaeleza hapa kwa manufaa ya kamati nyingine na familia zenye magari ya umri huo.

Injini inapozunguka, puli iliyo mbele yake huvuta mikanda. Upo mkanda unaozungusha pampu ya maji na altaneta. Ukikatika huo, injini huchemka na betri haichajiwi. Katika gari kama letu upo mwingine unaozungusha pampu ya usukani. Ndani ya pampu hiyo mna vibapa vidogo vinavyosukuma oili kwa nguvu kubwa kwenda kwenye mfumo wa usukani, na nguvu hiyo ndiyo humsaidia dereva kugeuza magurudumu. Mkanda ukiteleza au kukatika, magurudumu bado hugeuka, lakini msaada umeondoka, na mkono wa dereva hubeba kazi yote peke yake. Hatari iko katika ghafla yake: mtu aliyezoea wepesi hukutwa na uzito katikati ya kona.

Fundi alimulika tochi nyuma ya puli ya pampu. Palikuwa na unyevu mwekundu uliochanganyika na vumbi. Akaishika puli, akaitikisa, ikacheza. Beringi ilikuwa imelegea, shafti ikawa inayumba, na kwa kuyumba kwake imekula sili inayozuia oili. Oili ikawa inavuja tone kwa tone juu ya mkanda, na mpira wa mkanda hauivumilii oili. Kumbe kila mkanda mpya ulikuwa unafungwa juu ya ugonjwa uleule. Tulimuuliza kama kubadilisha sili peke yake kungetosha, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Alijibu kwamba sili mpya kwenye shafti inayoyumba italiwa kama ile ya kwanza. Pampu ilipaswa kubadilishwa, na mkanda pamoja nayo.

Aliifungua pampu, akaifuta, akatukabidhi ikiwa ndani ya ndoo ndogo. Gari tuliliacha kwake, tukapanda basi kwenda mjini, kupitia Uhasibu na Bendera Tatu, hadi Gerezani.

Mwenye kutafuta spea ya gari kuukuu katika jiji hili, awe anatoka Mbagala au Bunju, hatimaye hufika Gerezani na Mtaa wa Shaurimoyo. Maduka yamebanana, injini nzima zimepangwa barazani kama magunia, vijana husimama njiani wakiuliza, "Bosi, unatafuta nini?" kabla hujavuka mtaro. Bidhaa hapa ni za namna tatu. Ipo mpya halisi, yenye bei ya kumfanya mweka hazina avue kofia. Ipo mpya ya kuiga, inayong'aa sana ndani ya boksi zuri, ambayo dhamana yake huishia mlangoni. Na ipo ya mtumba, iliyotolewa kwenye magari yaliyokatwa Japani au kupitia Uarabuni, yenye vumbi la safari lakini mara nyingi imara kuliko ile ya kuiga.

Kwa uwezo wetu tulichagua mtumba. Fundi alikuwa ametupa masharti: tulinganishe matundu ya bolti na midomo ya oili na yale ya pampu yetu, tulinganishe ukubwa wa puli na mfereji wake, tuizungushe kwa mkono tuhisi kama inakwaruza, tuitikise tuone kama inacheza, tutazame kama pembezoni mwa shafti pamelowa.

Katika duka la kwanza muuzaji alituapia kwa jina la Allah kwamba pampu yake ni nzima, lakini hakutaka tuizungushe. Tulimshukuru tukaondoka. Katika duka la pili tulimkuta kijana ambaye, kabla hatujatia mkono, alisema mwenyewe, "Hii ina mchezo kidogo, wazee wangu. Kwa gari la kubeba watu siwashauri. Subirini." Akapanda ngazi, akashuka na nyingine. Hiyo ilizunguka kwa utulivu, haikucheza, na ilikuwa kavu. Tukakumbuka habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono ndani yake na kukuta majimaji yaliyofichwa chini ya kilicho kikavu, akamkemea mwenye mali kwa kuficha kasoro. Kijana yule wa Shaurimoyo alitutolea kasoro juu sisi wenyewe hatujaitafuta. Hatukumbania bei kwa ukali. Tulilipa, tukachukua risiti yenye jina la msikiti, tukanunua mkanda mpya wa kipimo sahihi na oili nyekundu ya gia za otomatiki, kwani ndiyo inayotumika katika usukani wa magari mengi ya Toyota ya zama hizo.

Tulirejea Tandika baada ya Adhuhuri. Kazi yenyewe haikuwa ndefu, lakini ilikuwa na utaratibu, nasi tuliifuatilia hatua kwa hatua. Kwanza alimwaga oili ya zamani, iliyokuwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua, akasafisha puli zote zilizoguswa na uvujaji, kwa maana mkanda mpya kwenye puli yenye oili ni hasara nyingine. Akafunga pampu kwa mkono kwanza, bolti zote zikiwa zimeshika, ndipo akazikaza. Akaweka kipande cha chuma kilichonyooka mbele ya puli mbili kuhakikisha kwamba zimekaa mstari mmoja. Akavisha mkanda, akaukaza, kisha akaubonyeza kwa dole gumba katikati. Ulishuka kiasi cha sentimita moja. Alisema ukikazwa kupita kiasi huua beringi, na ukilegea huteleza na kulia.

Jambo la mwisho ndilo ambalo wengi hulirukia. Aliinua magurudumu ya mbele kwa jeki, akaweka vigingi vya usalama, akajaza oili, na injini ikiwa imezimwa akamwambia dereva azungushe usukani pole pole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mara nyingi, huku yeye akiongeza oili kila ilipopungua. Ni kwa njia hiyo hewa hutoka. Injini ikiwashwa hewa ingali ndani, oili hutoa povu na pampu huguna. Alipoiwasha, oili ilitulia, haikuwa na povu, na usukani ukageuka kwa kidole. Akamwusia dereva asiung'ang'anie usukani ulipofika mwisho wa kona, kwani hapo pampu husukuma oili isiyo na pa kwenda, ikapata joto na kuchoka. Akamtaka pia alirudishe gari baada ya wiki, kwa kuwa mkanda mpya hulegea kidogo siku za mwanzo na huhitaji kukazwa upya. Alasiri ilipoadhiniwa alikuwa ananawa mikono.

Mweka hazina alipiga hesabu njiani. Pampu, mkanda, oili na ufundi vilizidi bei ya mikanda mitatu pamoja na ufundi wake, lakini si kwa kiasi cha kutisha; na mikanda ile ingeendelea kununuliwa bila kikomo. Ijumaa iliyofuata hesabu ilisomwa mbele ya waumini, na pampu mbovu ikawekwa barazani ili mwenye kutaka aitikise mwenyewe. Watu wengi waliitikisa. Mchango wa siku ile uliongezeka, na tunadhani ni kwa sababu waliona fedha zao zilikokwenda.

Sasa ndani ya gari mna daftari. Kila tengenezo huandikwa tarehe, kilomita, kifaa, bei, na safu ya mwisho ina neno moja juu yake: sababu. Safu hiyo haijazwi na dereva wala katibu. Hujazwa kwa kauli ya fundi. Akishindwa kuitaja, kifaa cha zamani hakitupwi.

Nasi tunawausia ndugu zetu wa kamati za misikiti, na kila familia yenye gari la zamani: gari likitoka gereji na kifaa kipya, kiombeni kile cha zamani, kishikeni mkononi, na muulizeni fundi kilikufa kifo gani. Msimlipe mpaka awajibu.

Wabillahi Tawfiq.