Wali Ndio Shahidi

Katika bustani ya Epcot, Florida, iliyofunguliwa mwaka 1982, Japani imejengwa upya kando ya ziwa la kuchimbwa: lango jekundu kwa mfano wa lile la Itsukushima, na mnara wa orofa tano. Mgeni mwenye hamu ya sushi huingiwa na shaka: penye kuigizwa kila kitu, chakula nacho kitasalimika?

Shaka hiyo ina haki, ila imeelekezwa siko. Sushi haitolewi ushahidi na lango. Shahidi wake ni wali. Hutiwa siki, sukari na chumvi, ukaliwa ungali na uvuguvugu. Ukilazwa jokofuni hukakamaa, na hata jodari bora hawezi kuuokoa. Basi mtafutaji na aketi mbele ya mpishi, autazame mkono unaofinyanga tonge.

Tena sushi yenyewe ni mhamiaji. Hapo kale ilikuwa samaki aliyehifadhiwa ndani ya wali uliochacha, na wali ukatupwa. Ni mji wa Edo, katika karne ya 19, ulioifanya chakula cha kibandani, cha kuliwa papo hapo. Wafasiri wa mashairi wanalijua hilo: uzuri huhama pamoja na mkono uujuao, jengo hubaki jengo.