Kahawa Tungu ya Nyanya

Mdogo wangu alikuwa na pumu tangu utotoni. Usiku ilipomshika, nyanya yetu aliinuka pasipo kuitwa, akapuliza makaa, akateleka kahawa nzito isiyotiwa sukari. Mgonjwa aliinywa kifinjani kwa kifinjani huku amekaa wima, mikono magotini. Na mwenye pumu ataujua mkao huo. Nyumba yetu ilikuwa Likoni, si mbali na kivuko. Muuza kahawa alipita kila jioni na dele lake la shaba, walakini nyanya hakuiamini ila aliyoipika mwenyewe.

Mara nyingi kifua kilifunguka. Nami nilipoingia shule ya sekondari nikaanza kumcheka kwa siri, nikidhani hayo ni mambo ya wazee tu.

Nilikosa. Kila mrija wa hewa mapafuni umezungukwa na misuli laini, isiyotii amri ya mtu kama itiivyo misuli ya mkono. Pumu huikaza misuli hiyo, tena mirija huvimba ndani na kujaa makohozi, hata pumzi ikatoka kwa mluzi. Kafeini iliyomo katika buni huilegeza misuli hiyo kidogo. Henry Hyde Salter, tabibu wa Uingereza ambaye mwenyewe aliugua pumu, aliisifu kahawa nzito katika kitabu chake cha mwaka 1860. Mwaka 1888 Albrecht Kossel wa Ujerumani alipata katika majani ya chai ndugu ya kafeini, yaani teofilini, yenye nguvu zaidi ya kulegeza. Baadaye ikawa dawa ya pumu. Hata leo mtu aendaye kupimwa pumzi huambiwa asinywe kahawa kabla, isije ikayapotosha majibu.

Lakini nguvu hiyo ni haba. Usiku mmoja wa mwaka 1984, mdogo wangu akiwa na miaka tisa, nyanya alimpa vifinjani vinne, akaongeza cha tano, na kifua hakikufunguka. Midomo ikaanza kugeuka rangi. Tulimbeba hadi kivukoni. Feri ilikuwa ng'ambo, taa zake twaziona, nasi tukangoja. Sijapata kuyaona maji yale kuwa mapana kama usiku ule.

Huko hospitalini kisiwani daktari alitayarisha sindano ya aminofilini, ambayo ni teofilini iliyofanywa iyeyuke vizuri majini. Kabla ya kuichoma akauliza, "Amekunywa nini?"

Nyanya alinyamaza, nadhani kwa haya. Nikajibu mimi: kahawa, vikombe vitano. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alihesabu tena mapigo ya moyo, kwani dawa hizo mbili ni za ukoo mmoja, na zikizidi huuendesha moyo mbio. Kisha akapunguza kipimo, akaichoma polepole.

"Mama," alimwambia nyanya, "kahawa yako ni dawa kweli, ila ndogo. Siku nyingine usingoje kikombe cha pili. Mlete."

Siku hizi mdogo wangu ana bomba la salbutamoli mfukoni, ambalo huilegeza misuli ile ile kwa dakika chache, na jingine la kuvuta asubuhi na jioni kwa ajili ya uvimbe. Kahawa hanywi. Asema humrudisha kivukoni.