Uhura, Mbwa wa Mlangoni na Simu ya Mfukoni



Wapendwa, juma hili tunawaalika tutafakari pamoja mambo matatu ambayo kwa mtazamo wa kwanza hayana undugu: tamthilia ya zamani ya safari za anga, mnyama wa nyumbani, na simu ya mkononi.

Tarehe 8 Septemba 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonesha Star Trek, tamthilia iliyobuni maisha ya wanadamu wasafirio kati ya nyota katika karne zijazo. Afisa wa mawasiliano katika chombo chao alikuwa mwanamke mweusi aitwaye Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina hilo lilitokana na neno letu "uhuru", ambalo Tanganyika ilikuwa imelipaza miaka mitano tu kabla yake. Nichols, aliyefariki mwaka 2022, alisimulia kwamba alipotaka kuacha kazi hiyo, Dk. Martin Luther King alimsihi abaki, kwa kuwa mtu mweusi alionekana pale katika heshima yake kamili. Sisi wa Bara hatukuyashuhudia hayo kwa wakati wake, maana vituo vyetu vya televisheni vilianza mwaka 1994. Neno letu lilifika kwenye nyota kabla picha hazijafika sebuleni kwetu.

Katika kipindi kimoja cha Desemba 1967, Uhura anapewa mnyama mdogo wa mviringo, mwenye manyoya laini, aitwaye tribble. Sauti yake ya upole humliwaza kila amshikaye. Lakini akilishwa huzaa, na wanawe huzaa pia, hata wakajaa kila pembe na kuivamia ghala ya nafaka iliyokusudiwa kuwalisha watu. Ghala ilipofunguliwa, wengi wao walikutwa wamekufa: nafaka ilikuwa imetiwa sumu. Waliosalia wakapiga kelele walipomkaribia jasusi aliyeitia. Viumbe waliohesabiwa kuwa kero ndio waliookoa maisha ya watu.

Leo, hapa Makongolosi, mchimbaji mdogo atokaye duarani na mama auzaye chakula karibu na makarasha wanacho mfukoni chombo kinachofanya mengi kuliko kile cha Uhura. Kinapiga picha, kinatuma fedha, kinaleta sauti ya ndugu aliye mbali. Nacho hulishwa kila siku, kwa vocha, bando na chaji. Mlangoni amelala mbwa aliyekesha akilinda nyumba. Huyu hutupiwa ukoko, au huachwa ajitafutie jalalani. Bei ya bando twaijua kwa moyo. Je, tarehe ya mwisho ya chanjo ya mbwa wetu twaijua?

Swali hilo si dogo. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara huishia kifoni, na watoto ndio waumwao zaidi. Wataalamu wanatufundisha kwamba mbwa wapatao asilimia 70 wakichanjwa, na chanjo ikirudiwa kwa wakati, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Aliyeumwa na aoshe jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha awahishwe kituo cha afya, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu. Asingoje kuona dalili.

Hapo ndipo simu na mbwa hukutana. Kuanzia mwaka 2011, katika wilaya za kusini mwa Tanzania, watumishi wa afya na wa mifugo walianza kutuma kwa simu zao taarifa za watu walioumwa na za mbwa waliochanjwa, badala ya kutegemea karatasi peke yake. Chombo kile kile kinachotupotezea saa nyingi kikawekwa kulinda uhai wa mtoto.

Katika Kitabu cha Tobiti, Tobia anasafiri pamoja na malaika, na mbwa anafuatana nao. Malaika hakumfukuza.

Basi, wapendwa, juma hili tumpigie simu afisa mifugo wa kata yetu, tumwulize siku ya chanjo, na jibu lake tuwapelekee majirani. Gharama yake ni dakika chache za maongezi.