Kristu wa Havana na Makombora ya Warusi

Havana, mji mkuu wa Kuba, umejengwa kando ya bandari yenye mlango mwembamba. Ukitoka mji wa kale unapanda kivuko, na mara umefika ng'ambo, mahali paitwapo Casablanca. Juu ya kilima imesimama sanamu ya Kristu ya marmari nyeupe, kimo chake kadiri ya meta 20, mkono wa kuume umeinuliwa kama wa kubariki. Aliyeichonga ni mwanamke wa huko huko Kuba, Jilma Madera. Ilizinduliwa mkesha wa Noeli 1958. Wiki moja baadaye Rais Batista alikimbia nchi, na wafuasi wa Fidel Castro wakashika utawala.

Jirani na sanamu hiyo ipo ngome ya kale ya Wahispania, La Cabaña, na kwenye uwanja wa nje wageni huonyeshwa kombora la Kirusi. Kombora la aina hiyo lina urefu wa meta 22, yaani limeshinda kimo cha Kristu mwenyewe.

Makombora hayo yaliletwa kwa siri mwaka 1962. Castro aliogopa kushambuliwa, kwani Aprili 1961 Wakuba waliosaidiwa na Marekani walijaribu kumpindua wakashindwa. Khrushchev, mkuu wa Urusi, naye alikuwa na lake: makombora ya Marekani yalikuwa Uturuki, mlangoni pake. Na toka Kuba hadi Marekani ni maili 90 tu.

Tarehe 14 Oktoba ndege ya Marekani ilipiga picha karibu na San Cristóbal, magharibi ya Havana, nchi ya miwa na tumbaku. Wakulima wa huko, watu wa jembe kama sisi, hawakuulizwa na yeyote kama wanataka bomu la atomiki kando ya mashamba yao. Tarehe 22 Rais Kennedy aliutangazia ulimwengu habari hizo, na manowari zake zikakizingira kisiwa.

Huko Roma Mtaguso Mkuu ulikuwa umefunguliwa tarehe 11 ya mwezi ule ule. Tarehe 25 Baba Mtakatifu Yohane XXIII alisema katika Redio Vatikano, akiwasihi watawala wasikie kilio cha mataifa na wasiache kuzungumza. Hata Pravda, gazeti la Wakomunisti wa Moscow, lilichapa maneno yake. Wako wasemao kwamba Papa ndiye aliyezuia vita. Hilo ni kusema mno. Lakini aliyekwisha kukunja ngumi hupenda kupata sababu ya heshima ya kuikunjua, na Papa aliwapa wote wawili.

Jumamosi tarehe 27 ndege ya Marekani iliangushwa Kuba, rubani akafa. Majenerali walitaka kulipiza. Usiku ule Robert Kennedy, nduguye Rais, alionana na Balozi Dobrynin huko Washington. Wakapatana: Warusi waondoe makombora, Marekani isiivamie Kuba, na yale ya Uturuki yangeondolewa pia, ila kimya kimya. Asubuhi yake Redio Moscow ilitangaza kwamba makombora yatarudi Urusi. Ilikuwa Jumapili, 28 Oktoba, na kwa kalenda ya Kanisa ya siku zile ndiyo Sikukuu ya Kristu Mfalme.

Castro hakushirikishwa. Mwenye nyumba alizipata habari kama watu wengine, akawaka hasira, na mimi sishangai.

Alhamisi Kuu ya 1963 Papa Yohane alitoa barua yake *Pacem in Terris*, juu ya amani duniani, akiielekeza kwa watu wote wenye mapenzi mema. Akafariki tarehe 3 Juni. Mwezi huo huo Washington na Moscow zilikubaliana kuunganishwa na njia ya moja kwa moja ya kupelekeana habari, maana katika siku zile za hatari barua moja ya Khrushchev ilichukua karibu saa 12 kupokelewa na kufasiriwa.

Huko La Cabaña, kila usiku saa tatu, bado hupigwa mzinga mmoja, desturi ya tangu enzi za Wahispania, milango ya mji ilipokuwa ikifungwa. Watu wa Havana huutumia kurekebisha saa zao.